Kinanda Kati Yangu na Mkwe Wangu

Machi 3

Meneja Bethwel ameingia klabuni leo na futi ya chuma mkononi na uso wa mtu anayetafuta cha kutupa. Klabu ya wafanyakazi itapakwa rangi, viti vya zamani vitatoka, na Jumamosi ya mwisho ya Mei wageni wa kampuni watakuja kuiona. Mimi ndiye mtunza funguo wa klabu tangu nilipoacha kushona aproni za wachumaji, kwa hiyo nilimfuata kona hadi kona. Kila alichokigusa alisema neno moja tu: boila. Kiwanda chetu hukausha chai kwa moto wa kuni na boila yake haishibi.

Alipofika kwenye kinanda akasimama.

"Na hii, Mama Monicah?"

"Ni kinanda cha mkono. Cha Waholanzi."

"Inaimba?"

"Iliimba."

"Sikuuliza ya kitambo." Akakigonga ubavuni. "Mbao kavu kabisa. Sikiza, mama. Ikiimba mbele ya wageni, itakaa hapa. Isipoimba, Jumatatu inaenda boila."

Nilimwambia kitaimba. Sijui nilikuwa natumia mdomo wa nani.

Machi 4

Nimekifuta vumbi siku nzima. Ni kikubwa kama kibanda cha kuuzia mboga, kimepakwa maua ya kila rangi, na mbele yake wamesimama watu watatu wa mbao: wanawake wawili wenye kengele na bwana mmoja wa koti refu ambaye huinua mkono kuongoza muziki. Sisi tulimwita Msimamizi, kwa sababu alikuwa akikunyooshea mkono kama umechelewa kufika shambani. Sasa mkono wenyewe haupo.

Alikileta Bwana Hendrik, fundi wa mashine za kukaushia chai, enzi za gari moshi. Walikishusha pale Fort Ternan na kukipandisha huku kwa trekta. Alituambia kwao vinanda hivi husukumwa barabarani, mtu mmoja anazungusha gurudumu, mwingine anawatikisia wapita njia mkebe. Hakuna anayejua kupiga muziki. Unaingiza kitabu kirefu cha kadibodi kilichotobolewa, gurudumu linakivuta, na palipo na tundu filimbi moja inalia. Kitabu kinatokea upande wa pili kikijikunja chenyewe. Bwana Hendrik aliporudi kwao alituachia, na aliyekizungusha kila Krismasi ni mume wangu Obonyo, mpaka mivukuto ikapasuka na panya wakala vitabu.

Kaburi la Obonyo liko nyumbani, upande wa ziwa. Hapa nilichobaki nacho ni hilo gurudumu, limelainika mahali alipokuwa akishika. Sitaki likaushe majani ya chai.

Machi 5

Mvua.

Machi 9

Fundi wa kutoka mjini amekuja, akakizunguka, akacheka, akapiga nacho picha na kuondoka. Nimempigia Monicah, binti yangu, kumweleza. Akasema, "Mum, si Kipruto atengeneze?" Nikamwambia mafundi wako wengi. Akasema, "Wako wapi?"

Kipruto ni mume wake, wa kule Kimulot. Hutengeneza mashine za kupozea maziwa. Waliooana ni wao na sina neno, lakini siku wazee wetu walipoketi kuzungumza mambo ya ndoa, yeye alicheka peke yake katikati ya hotuba ya mzee. Pikipiki yake inasikika kabla hajavuka mto. Na tena kuna jambo kubwa kuliko hayo. Kwetu Waluo mama mkwe na mume wa binti yake hawashikani mikono, hawali meza moja, hawakai karibu. Kwa wazee wake, Wakipsigis, ni hivyo hivyo, angalau hapo Monicah hakukosea. Sasa nitafanyaje kazi na mtu nisiyepaswa hata kumkaribia?

Machi 14, Jumamosi

Amekuja. Nilisikia pikipiki nikaingia nyuma ya kinanda, upande wa kulia. Yeye akaingia na mkoba wake wa vifaa, akaona ncha ya leso yangu, akaenda kushoto. Tukakaa hivyo. Alikohoa. Nikakohoa. Tungeweza kukohoa hadi jioni.

Ndipo akafungua kifuniko cha mgongoni, kile kilichofunika safu ya vidole vya chuma vinavyopapasa matundu ya kitabu, na kifuniko kikasimama wima katikati yetu kama ukuta. Nikasikia anasema, "Wewe kinanda, pole sana. Nani amekufanyia hivi?"

Nilijizuia, lakini sikuweza. Nikasema, "Kinanda, mwambie ni panya."

Halafu akasema, "Kinanda, uliza kama kuna spana namba kumi hapo kando yako."

Nikaiweka spana juu ya kinanda. Akaichukua. Hakuna aliyempa mwenzake kitu.

Machi 15

Nimefikiria jambo la jana kanisani badala ya kusikiliza mahubiri. Sioni kosa. Kuongea na kinanda si dhambi wala si utovu wa heshima.

Machi 21

Nyigu wamejenga ndani ya filimbi kubwa. Kipruto alipuliza kuzisafisha na mmoja alikuwa bado yumo. Alimwambia kinanda maneno ya Kikipsigis ambayo nashukuru sikuyaelewa. Mdomo ulivimba. Nikaacha kitunguu kilichokatwa juu ya kinanda, nikasema, "Kinanda, ukiumwa na nyigu unapaka hiyo."

Machi 28

Amepaka mashine yote mafuta ya kukamulia ng'ombe. Anasema yanazuia kutu. Klabu sasa inanuka kama zizi, na ndama wa mwalimu jirani alikuja hadi mlangoni akakataa kuondoka.

Aprili 4

Mivukuto inataka ngozi laini. Amenunua ngozi ya mbuzi huko Kedowa na mimi nimeshona, maana kushona ni kazi yangu. Aliangalia mshono muda mrefu upande wake. Nilingoja.

"Kinanda," akasema, "hiyo stitch hata kiwanda haiwezi kutoa. Huyo aliyekushonea ako na mkono."

Chai yake niliyomwekea juu ya kinanda niliiongeza maziwa.

Aprili 7

Mvua. Gundi haikauki.

Aprili 8

Mvua. Gundi haikauki. Nimeleta mivukuto nyumbani nikaining'iniza juu ya jiko, na paka wote wa kambi ya wafanyakazi wamehamia kwangu.

Aprili 11

Msimamizi amepata mkono mpya, kipande cha mpini wa ufagio. Ukizungusha gurudumu anauinua na kuushusha kwa nguvu. Wachumaji wawili walipita dirishani wakaongeza mwendo bila kufikiri.

Aprili 18

Leo ndiyo kazi ya kitabu. Vya zamani vyote vimeliwa, kwa hiyo tutatoboa kipya. Nimekusanya maboksi magumu nikayaunganisha kwa kitambaa yajikunje vizuri. Nimechagua wimbo wa shukrani tunaouimba kanisani wakati wa mavuno.

Sasa namna ya kuupata. Kipruto alibonyeza vidole vya chuma kimoja kimoja huku nikipuliza mivukuto kwa mguu. Vidole ni thelathini na vitano. Aliviandika nambari kwa chaki upande wake, nami upande wangu, kisha tukaanza. Mimi naimba mstari, yeye anatafuta sauti yangu kwenye vidole, akiipata anataja nambari, nami naweka alama kwenye kadibodi.

Ilibidi nirudie mistari mingine mara nyingi. Mwanzoni niliimba chinichini kwa aibu. Kufika ubeti wa pili nilikuwa naimba kama niko kwaya, na yeye alikuwa akiitikia sauti ya chini bila kujua. Ana sauti nzuri. Sijui kwa nini Monicah hajawahi kuniambia.

Aprili 25

Natoboa kwa kisu cha kukatia ngozi. Vidole vyangu vimepasuka. Monicah alikuja kunisaidia akakaa dakika chache, akasikia "kinanda mwambie" na "kinanda uliza", akasema, "Nyinyi watu wawili mtaniua," akaenda zake.

Mei 2

Natoboa.

Mei 9

Natoboa. Mkwe amesema mwendo wa wimbo wangu ni wa mazishi, eti wageni watalala. Nimemwambia kinanda amwambie kwamba Obonyo alizungusha polepole na hakuna aliyelala. Akasema, "Kinanda, mimi namheshimu mzee. Lakini mkono huu ni wangu." Nilikasirika, kisha nikaona ni jibu la adabu kuliko nililostahili.

Mei 16

Nimeandika na kufuta ukurasa huu mara mbili.

Leo tulijaribu. Mivukuto ilijaa, gurudumu likazunguka, kitabu kikaingia upande wa Kipruto na kuanza kutoka upande wangu kikijikunja kama nilivyokipanga. Na kinanda kikaimba. Hakuna filimbi iliyokwama. Kilichotoka ndicho kilichokuwa na kasoro. Sauti zilizopaswa kupanda zilishuka. Zilizopaswa kushuka zilipanda. Besi zililia kama watoto na filimbi ndogo zikajitahidi kuwa wazee. Ule wimbo ulikuwa umesimama kichwa chini miguu juu. Ndama alikimbia.

Halafu mimi nikaanza, nakubali, mimi ndiye nilianza.

"Kinanda, mwambie huyo mtu alinitajia nambari za uongo."

"Kinanda, mwambie huyo mama nambari zilikuwa sawa. Alitoboa vibaya."

"Kinanda, mwambie nimeshona miaka yote na sijawahi kukata kitu kombo."

"Kinanda, mwambie mimi si kitambaa."

"Kinanda, mwambie mtu anayecheka wakati wazee wanaongea atasikiaje nambari?"

Akaweka vifaa kwenye mkoba kimoja kimoja. Alipofika mlangoni akasema, na hakumwambia kinanda, alisema tu, "Siku hiyo nilikuwa naogopa. Mimi nikiogopa nacheka."

Pikipiki ikaondoka polepole. Sikujua inaweza kwenda polepole.

Mei 17

Hakuja. Lakini ni Jumapili.

Mei 18

Hakuja. Mvua ya mawe, chai yote ya upande wa mto imechanika.

Mei 19

Hakuja. Monicah hapokei simu.

Mei 20

Meneja amemtuma mtu wa msumeno kuja kupima. Alipima kinanda, akapima na mlango, akaniuliza kama nataka vile vitu vya mbao vya mbele viwe vya watoto kuchezea. Nimemfukuza kwa ufagio.

Mei 22

Ni lazima mtu akae mbele ya vile vidole, alinganishe kitabu na nambari, tundu kwa tundu. Na lazima tuwe wawili, anayejua nambari na anayejua matundu, upande mmoja, bega kwa bega. Nimeligeuza jambo hili kila namna na haliendi popote pengine.

Nambari ya simu ya mkwe ninayo. Kumpigia siwezi. Nimempigia wifi yangu Eddah, dada yake Obonyo, anayeishi Fort Ternan. Katika ukoo wetu hakuna anayeshika mila kama Eddah. Akisema haiwezekani, basi nitakuwa nimejaribu.

Mei 24

Eddah amefika na mkoba mkubwa, maana yake anakaa. Nilimweleza yote, tangu spana hadi ugomvi. Alinisikiliza huku anakula ndizi zangu.

"Kwa hiyo tangu Machi unaongea na mkwe wako kupitia mbao."

"Naongea na kinanda."

"Umemwimbia."

"Nilimwimbia kinanda."

"Umemtukana."

Nilimsogezea ndizi nyingine.

"Ajwang, mila haikuwekwa ili ndugu yangu achomwe kwenye boila," akasema, akiniita kwa jina langu la nyumbani. "Kaeni. Lakini msiangaliane. Utajifunika leso kichwani mpaka uone vidole vya chuma tu, na yeye atavuta kofia. Mimi nitakaa mlangoni niwatazame. Na nitakula kuku."

Nikauliza kuku ni ya kutakasa nini.

"Si ya kutakasa. Nimesafiri."

Mei 25

Nimempigia Monicah hadi akachoka akapokea. Nikasema, "Mwambie mume wako kinanda kinamuulizia." Nikasikia anacheka au analia, sikuweza kutofautisha. "Mum, mwenyewe amekaa hapa tangu wiki jana akitengeneza redio ambayo haijaharibika."

Mei 26

Amekuja na kofia ya baridi imevutwa hadi puani. Aligonga mlango kwa bega. Mimi nilikuwa tayari nimeketi upande wake wa kinanda, leso kichwani, sioni kitu ila vidole vya chuma na ncha za viatu vyangu. Nilisikia kiti kinasogezwa. Kiti kikalia. Eddah mlangoni akasema, "Sogea kidogo, si hivyo, hiyo ni mbali, kinanda hakiumi." Nikasikia harufu ya mafuta ya kukamulia. Nilikaa wima kama msichana aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Niliinua kitabu tulinganishe. Nikatazama chaki yake. Moja, mbili, tatu, kuanzia kushoto.

Nikatazama tena.

Mimi pia nilianza kushoto. Kushoto kwangu, pale upande wa pili, nikiwa nimemwelekea yeye na kifuniko katikati. Moja yake ilikuwa thelathini na tano yangu. Siku zote hizo alitaja nambari sawa na mimi nikatoboa sawa, kila mtu kwa kushoto kwake, kwa sababu hakuna aliyeweza kuzunguka kwenda kuona mwenzake anaonaje. Kumbe heshima yetu ndiyo iliyogeuza wimbo.

Najua aliliona kosa wakati ule ule kwa sababu aliacha kupumua.

Kurudia kutoboa hakungewezekana, wageni ni Jumamosi. Tulikaa tunatazama kadibodi. Halafu nikakumbuka kitambaa. Fundi mwanafunzi akikata mkono wa kulia badala ya wa kushoto, hutupi, unageuza ndani nje. Na tundu ni tundu, halina mbele wala nyuma.

Alikuwa amekaa karibu kiasi kwamba kiwiko chake kingeweza kunigusa. Nikasema, "Kinanda, mwambie huyo mtu alaze kitabu kifudifudi."

Akakilaza. Akazungusha. Na wimbo ukasimama kwa miguu yake.

Nilicheka. Yeye alikuwa tayari anacheka, na leo nilijua ni woga unamtoka. Leso ilianguka na kofia ikapanda, na tukaangaliana uso kwa uso, mimi na mkwe wangu. Ana macho ya mtu mpole. Eddah alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba wake.

Nilisema, "Pole kwa yale maneno." Nilimwambia yeye, si kinanda.

Akasema, "Imeisha, mama."

Kisha kila mtu akajifunika haraka.

Mei 27

Kuku.

Mei 30

Wageni walikuja na makoti ya mvua na mwavuli wa kampuni. Meneja Bethwel alizungumza muda mrefu juu ya rangi ya kuta. Mimi niliketi upande ambao kitabu kinatokea, nikipokea, na Kipruto upande kinakoingia, akizungusha. Wanakambi walijaa hadi nje.

Ilianza kwa mwendo wake, si wa Obonyo. Nilitaka kukasirika na sikupata nafasi, kwa sababu mpishi wa kantini aliweka trei chini akaanza kucheza, wachumaji wakamfuata na vikapu mgongoni, na Msimamizi akawanyooshea wote mkono wa ufagio bila kumtisha mtu. Meneja alisogea kusikiliza akasogea karibu mno, Msimamizi akamgonga kofia ikaanguka. Mgeni mkubwa wa kampuni ndiye aliyecheka kwanza.

Kitabu kilinijia mikononi mkunjo baada ya mkunjo. Nililia kidogo, lakini nilikuwa nyuma ya kinanda.

Meneja alikuja baadaye akivuta kofia. "Mama Monicah, inakaa."

Juni 2

Kinanda kimefunikwa turubai. Eddah amerudi Fort Ternan. Klabu inanuka rangi.

Juni 4

Kimya. Siku zote nilidhani ninapigania gurudumu la Obonyo, na ni kweli nililipigania na nimelipata. Lakini Monicah ana nyumba yake, na mkwe hawezi kuja kunitembelea hivi hivi, atakuja kufanya nini na atakaa wapi? Kinanda kimepona, kwa hiyo hana sababu ya kuja. Kesho kutwa ni Jumamosi na nimejikuta nikinunua maziwa mengi kuliko ninayokunywa. Namkosa yule kijana. Nimeona niliandike, kwa kuwa kulisema haiwezekani.

Juni 5

Nimezungusha gurudumu kidogo nipate kusikia sauti. Kinanda kikakoroma. Nikafunua mgongoni nikapata skrubu moja ya mivukuto imelegea. Sasa, skrubu zote Kipruto alizifunga kwa rangi ya kucha ya Monicah, nyekundu, ili zisijifungue zenyewe. Hii moja rangi yake ilikuwa imekwanguliwa kwa bisibisi, vizuri kabisa, na mtu asiyekuwa na haraka. Aliyebaki humu peke yake kufunika kinanda, siku ile wageni walipoondoka, ni mmoja.

Nimeiacha vile vile.

Juni 6, Jumamosi

Pikipiki imesikika kabla haijavuka mto. Nikaenda upande wangu wa kulia.

"Kinanda," akasema, "nimepita tu. Nikasema labda una shida."

"Kinanda, mwambie kuna kukoroma kidogo."

"Aa. Ni kawaida na hizi baridi."

Alikaza ile skrubu moja kwa muda ambao ungetosha kufungua kinanda kizima. Alikunywa chai vikombe vitatu nilivyomwekea juu ya kinanda, akanieleza kupitia kinanda habari za ng'ombe, za barabara ya Kimulot, na kwamba Monicah siku hizi hawezi hata kuvumilia harufu ya chai, jambo ambalo kinanda kilielewa mara moja. Kisha akafunga mkoba, akaangalia huku na huku kama mtu aliyesahau kitu, akasema inaonekana sasa kila kitu kiko sawa. Akaondoka.

Nilingoja mpaka pikipiki ikavuka mto. Nikachukua kisu cha mkate, nikafungua kifuniko, nikalegeza mbili.